Inveta na betri za nyumbani: leteni maswali, ila waya wa vidume viwili sitaki kuuona

fundi_fuoni
Assalaam alaykum jamani. Nimefungua uzi huu kwa sababu umeme ukikatika jioni moja tu, kesho yake simu yangu haipumui: "Fundi, mwanangu kaniletea inveta kutoka Dubai, njoo unifungie." Nakwenda, na mara nyingi nakuta inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumba, ni nzima, betri nzuri, lakini namna vilivyoungwa na nyumba ni mtego. Leteni maswali, n'tajibu nikipata nafasi. Kazi yangu ni kufunga waya majumbani, betri siuzi, kwa hiyo msiniulize duka gani la Darajani lina bei nzuri.

Naanza na linaloniudhi kuliko yote. Wako watu wanachukua waya mmoja wanautia plagi dume huku na plagi dume kule. Upande mmoja unachomekwa kwenye inveta au jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Wapo na mafundi wanaoutengeneza na kulipwa.

Huo waya unaua. Plagi ya kawaida ukiichomoa pini zake hazina kitu, ndo maana zimeachwa wazi. Umeme uko kwenye tundu la soketi, umefichwa. Huu wa vidume viwili ukiuchomoa ukutani huku inveta inafanya kazi, pini zile zina volti 230 na ziko mkononi mwako. Mtoto akipita hapo akaushika, basi.

Halafu kuna meni swichi. Siku utakayosahau kuizima, umeme wako unapita kwenye mita unatoka nje. Transfoma haijui mbele wala nyuma: ukiitia 230 upande wa nyumba, upande wa pili inatoa maelfu ya volti. Ni kweli kwamba inveta ndogo aghlabu itazidiwa na mtaa mzima ijizime yenyewe, na hapo ndipo watu wanapojipa moyo. Lakini waya wa mtaani ukiwa umekatika nguzo moja tu kutoka kwako, hakuna mtaa wa kuizidi. Kijana wa ZECO, shirika letu la umeme Zanzibar, anapanda nguzo, ofisini wameshamwambia laini imezimwa, anaukuta waya una umeme wako.

Na umeme wa ZECO ukirudi ghafla ukakutana na wa inveta kwenye waya mmoja, inayoungua ni inveta.

Kinachotakiwa ni changaova: swichi ya nafasi tatu, ZECO huku, inveta kule, katikati hakuna kitu. Kwa ilivyoundwa haiwezi kukaa pande mbili kwa wakati mmoja hata ukisahau, hata ukiwa na usingizi. Iwe ya kukata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zote mbili. Fundi akikufungia ya kukata laivu peke yake mwambie arudi.

mtoto_wa_kikwajuni
Waalaykum salaam. Fundi huo waya jirani yetu anao, kautundika nyuma ya mlango kama jambia la babu yake 😂

Mie nakaa fleti za Michenzani, juu kabisa. Nataka taa, feni mbili, TV na ruta basi, masaa manne hivi. Friji halimo. Betri ya ukubwa gani? Nimeambiwa ya gari inatosha.

fundi_fuoni
Betri ya gari iache kwenye gari. Sahani zake za risasi nyembamba, imetengenezwa itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache injini iwake, kisha ijazwe hapo hapo. Ukiinyonya usiku kucha, na kesho tena, haitokufikisha mbali.

Hesabu yako hii. Taa tano za LED za wati 9 ni 45. Feni mbili za dari, wati 60 moja, ni 120. TV ya inchi 32 weka 50. Ruta 10, simu za watu 20. Jumla wati 245. Mara masaa manne ni wati-saa 980. Inveta nayo inakula chake, kwa hiyo betri itatoa kama 1,150.

Betri ya risasi ya volti 12, ampia-saa 200, kwenye karatasi ina 2,400. Lakini ya risasi usiishushe chini ya nusu, ikizoea kushushwa inakufa mapema. Unabaki na 1,200, inakutosha kwa kubana. Ya lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4 ubavuni, volti 12.8 na ampia-saa 100, ina 1,280 na unaweza kutumia asilimia 90 yake bila kuiumiza. Fanya hesabu uone: ni 1,150 ile ile. Yaani 100 ya lithiamu inafanya kazi ya 200 ya risasi. Ile ya risasi ina kilo 55 hadi 65. Hii ya lithiamu kilo 10 hadi 13. Na wewe unakaa juu kabisa Michenzani.

Hapo hapo kwenye uzito: ukienda dukani inyanyue betri kabla hujasoma karatasi yake. Risasi haina njia ya kuwa nyepesi. Ukiona imeandikwa 200 na kilo hazifiki 35, hiyo ni ya 100 iliyovishwa stika.

betri_bei_poa
N'nazo original kutoka nje, waranti miaka 10, njoo inbox

msimamizi
Tangazo jingine kama hili unafungiwa. Uzi huu wa maswali.

bi_malai
Assalaam alaykum wanangu. Mie nauza malai na maji baridi hapa nyumbani, n'na friza. Umeme ukizimika malai yote uji, hasara. Mwanangu akanunua inveta ya wati 1000 maana friza imeandikwa wati 150 tu. Sasa friza ikitaka kuwaka, inveta inalia pii pii pii inazima. Aliyetuuzia anasema friza bovu ninunue nyengine. Nimeweka picha.

fundi_fuoni
Waalaykum salaam, shikamoo bi mkubwa. Friza yako usiitupe.

Kompresa inapoanza kuzunguka, kwa kitambo kidogo sana inavuta mara tano hata zaidi ya ile 150 iliyoandikwa. Inveta ya 1000 ikiwa ya kweli ingemudu. Nimeikuza picha nikautazama ule waya mwekundu unaotoka kwenye betri. Huo ni waya wa spika, bi mkubwa. Unene wake haufiki ncha ya kalamu, na pale ulipofungwa kwenye nguzo ya betri umesokotwa kwa mkono na kubanwa na nati, plastiki yake imeshaanza kuwa kahawia.

Wati 1000 kwenye volti 12 ni ampia 83, ukitia na kinachopotea ndani ya inveta inakaribia 100. Watu hawaamini kwa sababu volti 12 haipigi shoti, wanaona ni umeme wa kitoto. Ni kinyume chake: volti zikiwa ndogo, kwa kazi ile ile ampia zinakuwa kubwa, na kinachochoma waya ni ampia. Kwa inveta yako usikubali chini ya waya wa milimita 25 za mraba, mfupi, usizidi mita moja na nusu, na mwisho wake uwe na lagi, yaani kile kichwa cha shaba cha kufungia, iliyobanwa kwa mashine. Nyundo hapana.

Ile pii pii ni kilio cha volti ndogo. Betri ina 12.6, friza inapovuta, volti mbili zinaishia ndani ya waya kama joto, inveta inaona 10 na kidogo, inadhani betri imekwisha, inajizima. Mwanao akiwa na mita ya kupimia apime kwenye nguzo za betri, kisha kwenye vichwa vya inveta, wakati ule ule friza inataka kuwaka. Tofauti atakayoiona ndiyo inayoliwa na waya.

Na kabla hajaufunga huo waya mpya aweke fyuzi kwenye upande wa chanya, jirani kabisa na betri. Nitaieleza chini.

Kuhusu malai: friza iliyojaa ikifungwa vizuri inakaa na barafu siku nzima na zaidi. Iliyojaa nusu inakwisha nusu ya muda huo. Sehemu tupu zijaze chupa za maji zigande, na watoto wasifungue fungue kutazama kama malai yameyeyuka. Mara nyingi huhitaji kuiwasha muda wote, saa moja moja tu.

bi_malai
Ahsante mwanangu, Mungu akuweke. Waya wa spika wallahi alitufungia aliyetuuzia mwenyewe!

mwana_wa_wete
Nyinyi wa Unguja mnapenda kulia. Sie Pemba mpaka 2010 tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha, ndo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kukatika kwa umeme tumezaliwa nako.

mtoto_wa_kikwajuni
Na sisi ya Disemba 2009 umeyasahau? Waya wa baharini wa Fumba, unaotuletea umeme kutoka bara, uliharibika tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Na 2008 kabla yake karibu mwezi mzima. Mji Mkongwe ulikuwa jenereta kila mlango, usiku hulali kwa kelele, asubuhi kuta za vichochoro nyeusi.

mwana_wa_wete
Hehe, yale nayakumbuka. Mjomba wangu alikuja Pemba kwa boti kupumzika, Pemba! Fundi, je jenereta na inveta ipi bora kwa nyumba? Jenereta mie n'nayo.

fundi_fuoni
Kama giza ni la masaa mawili matatu, inveta. Likiwa la siku na siku, betri yoyote itakuangusha usipokuwa na sola, hapo jenereta ina kazi yake, hata kuijaza hiyo betri. Ila ikae nje, mbali na dirisha. Usiitie ukumbini kwa kuogopa wezi au mvua ya masika. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anadhani ni uchovu, analala, haamki.

chumvi_ya_jambiani
Fundi salaam. N'na nyumba ndogo ya kulala wageni huku shamba. Friji la jikoni linapiga shoti ukiligusa pekupeku, ukivaa ndara hulisikii. Fundi wa hapa kapigilia ethi mpya, bado. Nimetia inveta mwezi uliopita na nashangaa: kwenye inveta halipigi shoti kabisa, kwenye ZECO linapiga. Je ina maana inveta ni salama zaidi?

fundi_fuoni
Swali lako ndilo bora kwenye uzi huu, na jibu lake si la kukufurahisha. N'tarefusha.

Kwanza ethi. Nyumba yako inategemea kile chuma kilichopigiliwa nje, ndiyo njia ya umeme kwenda ardhini. Huko kwenu chini ni mawe ya matumbawe, na juu yake kiudongo cha vidole viwili. Mawe makavu hayapitishi umeme vizuri. Tuseme upinzani wa ethi yako ni omu 100, na kwa ardhi ya mawe si ajabu ukawa zaidi. Laivu ikigusa bodi la friji, mkondo unaokwenda ardhini ni 230 kugawanya kwa 100, ampia 2.3. Breka ya soketi zako ni ya ampia 20 au 32. Kwake yeye 2.3 ni kama umewasha kitu kidogo tu, haikati leo wala kesho. Na muda wote huo bodi la friji lina karibu volti 230 zote, linamsubiri mwenye miguu majimaji. Anayekwambia "n'na breka, niko salama" hajaifanya hesabu hii.

Kinachokuokoa ni RCD, wengine tumeizoea kwa jina la zamani ELCB. Yenyewe haijali ampia ngapi zinatumika. Inalinganisha kinachokwenda kwa laivu na kinachorudi kwa nyutro. Vikitofautiana kwa milliampia 30, yaani 0.03 ya ampia, inakata chini ya theluthi moja ya sekunde. Hata na ethi yako mbovu ya omu 100, zile ampia 2.3 ni mara sabini na kitu ya inachokihitaji. Huku kwetu kwenye mawe na chumvi, nyumba isiyo na RCD mimi siiiti nyumba iliyofungwa umeme.

Ethi yenyewe iboreshe pia. Usipigilie pale pale karibu na mita kwa sababu ndipo waya unapofika. Tafuta penye udongo na unyevu, mara nyingi ni kwenye migomba inakomwagwa maji ya kuoshea. Vyuma viwili au vitatu vilivyoachana kwa urefu wa chuma kimoja au zaidi, vikiungwa pamoja, ni bora kuliko kimoja kilichokwama kwenye jiwe kikakatwa kichwa ili kionekane kimezama. Hilo la kukata kichwa nimelikuta zaidi ya mara moja. Na kile kiungo cha shaba kitazame kila baada ya kusi. Upepo wa bahari unakitia kutu ya kijani mpaka waya unakaa hapo kama pambo.

Sasa inveta. Kwanini halikupigi shoti? Umeme daima unataka kurudi ulikotoka. Wa ZECO ulikotoka ni transfoma, na nyutro ya transfoma imeunganishwa na ardhi. Kwa hiyo ukiligusa friji bovu umesimama chini, unapita mwilini mwako, unakwenda ardhini, unarudi kwenye transfoma. Unausikia. Ukigeuza changaova kwenye inveta, chanzo ni inveta, na inveta nyingi nyutro yake haijagusana na ardhi popote. Umeme ukitoka kwenye bodi la friji ukapita kwako kwenda ardhini, hauna njia ya kurudi. Basi husikii kitu.

Inaonekana neema. Lakini RCD nayo haisikii kitu, hakuna tofauti ya kuiona. Hitilafu ya friji inabaki imejificha. Siku waya mwengine, tuseme wa nyutro kwenye pampu ya kisima, utakapochunika ukagusa chuma, umeme umeshapata njia: bodi la friji huku, bomba la maji kule, na mtu anayeshika vyote viwili ndiye daraja. Hapo RCD inaweza isikate kabisa, maana kinachopita kwa huyo mtu kinatoka kwa laivu na kurudi kwa nyutro, hesabu inalingana.

Kwa hiyo leo hii: chomoa hilo friji. Lina hitilafu, inveta imelinyamazisha tu.

chumvi_ya_jambiani
Nimelichomoa. Sasa nifanyeje ili RCD ifanye kazi hata kwenye inveta? Nimebonyeza kile kitufe cha T nikiwa kwenye inveta, imekata. Si ina maana inafanya kazi?

fundi_fuoni
Kitufe cha T kinapitisha mkondo kidogo kati ya laivu na nyutro ndani ya RCD yenyewe. Kitakata hata kama nyumba haina ethi hata msumari. Kinakwambia kwamba mtambo wake haujaganda, na ni vizuri kukibonyeza mara kwa mara hasa huku kwenye chumvi. Hakikwambii kwamba umelindwa.

Inayotakiwa ni nyutro ya inveta iungwe na ethi wakati nyumba inakula betri, na iachane nayo mara tu ZECO anaporudi. Inveta nzuri za kufungwa nyumba nzima zina swichi ya ndani inayolifanya hilo yenyewe. Kitabu chake kitaandika kuhusu kuunganisha nyutro na ethi. Mpe fundi akisome, na kama hajui unazungumzia nini, tafuta mwengine. Baada ya kufunga apime kwa kifaa cha kupimia RCD huku nyumba iko kwenye inveta, aone imekata kwa mkondo gani na kwa muda gani.

Tahadhari kubwa hapa: zile inveta ndogo za bei rahisi, zenye soketi moja au mbili usoni, nyingi hazina nyutro ya kweli. Tundu zote mbili zina umeme. Ukiunga mojawapo na ethi inaungua papo hapo, pengine na moshi. Hizo zisiungwe na waya za nyumba kwa njia yoyote, hata kwa changaova. Chomeka TV au feni moja kwa moja usoni mwake, iishie hapo. Mimi mtu akiniita kufunga ya namna hii kwenye bodi ya nyumba nakataa kazi, anamwita mwengine, anafungiwa. Ndo hali.

mzee_wa_forodhani
Mwanangu unawatisha watu. Mie n'na nyumba Mji Mkongwe tangu sijaoa, ethi haipo, hiyo RCD ilikuwepo ikawa masika kila saa inakata, fundi akaitoa tukapumzika. Miaka yote hiyo hajafa mtu.

fundi_fuoni
Shikamoo mzee wangu. Na iendelee hivyo hivyo inshaallah. Ila hiyo RCD ilikuwa inakupa habari. Inayokata masika na kunyamaza kiangazi inasema kuna mahali maji yanaingia: soketi ya uwani, taa ya juu ya paa, au hita ya maji ya kuogea iliyopasuka kijiti cha ndani. Unaipata kwa kuchomoa vyote, kuirudisha, kisha unachomeka kimoja kimoja mpaka ikate. Nusu saa ya kazi. Fundi aliyeitoa hakuitafuta.

Halafu nyumba zenu za mjini dari ni boriti kavu za miaka mia, na waya zimepita juu yake, nyengine bado zile za zamani zilizovikwa kitambaa. Ukitaka kuongeza inveta humo anza na waya kwanza. Pesa za betri zitumie huko, betri itakuja mwakani.

mzee_wa_forodhani
Marahaba. Sawa, n'takuita ramadhani haijaingia. Hita ya maji ni kweli ya zamani.

ukti_mwanakwerekwe
Mie sina hita wala friza, n'na swali moja. Ramadhani umeme unakatika magharibi tu tukikaa kufuturu. Inveta ya wati 1500 inaweza birika na pasi? Na kuijaza betri kunakula yuniti ngapi za Tukuza, umeme wa kulipia kabla?

fundi_fuoni
Birika la wati 2000 kwa inveta ya 1500, hapana. Pasi ya 1000 itawaka, lakini robo saa tu ya moto mfululizo inanyonya wati-saa 250, ni taa, feni, TV na vyote vya mtoto_wa_kikwajuni kwa saa nzima. Vitu vya kutoa joto muache betri isivione. Maji ya daku chemsha kwa gesi, tia chupa ya chai.

Yuniti moja ya Tukuza ni wati-saa 1,000. Betri ya kukupa 1,150 kila jioni itakula kama yuniti moja na nusu kuijaza, ya risasi zaidi kidogo, ya lithiamu pungufu. Yuniti si gharama ya kukuumiza, gharama ni betri yenyewe kufa mapema. Na inayoiua huku kwetu ni joto: ya risasi kila nyuzi 10 juu ya 25 inapunguza umri wake kwa nusu hivi. Ukiiweka chini ya bati kiangazi cha kaskazi, hesabu mwenyewe.

ukti_mwanakwerekwe
Kwa hiyo niiweke wapi? Nilitaka chini ya kitanda cha wageni, au chini ya ngazi.

fundi_fuoni
Chini ya kitanda hapana, iwe ya aina yoyote. Betri za risasi za kuongezewa maji zinapojazwa zinatoa haidrojeni. Ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inawaka, na cheche ya swichi inatosha. Chini ya ngazi ni kwema kama hakuna mlango na hewa inapita juu, maana gesi hiyo inapanda. Pasiwe njia ya kutokea: ikiwaka usiku mlango wa kukimbilia uwe upande mwengine. Iinuliwe na sakafu kwa kibao, vichwa vyake vifunikwe na plastiki. Funguo ya spana ikiangukia kati ya chanya na hasi inayeyuka mkononi, na pete ya ndoa ni hivyo hivyo, mafundi tunavua.

LiFePO4 haitoi gesi ikiwa nzima na ni tulivu kuliko lithiamu nyengine, lakini lazima iwe na ubongo wake wa ndani unaoikinga, BMS. Mtindo umeingia sasa wa vijana kufungua betri za pikipiki za umeme na za kompyuta, kuziunga kwa solda na kuzitia kwenye boksi la plastiki. Hizo nyingi si LiFePO4, ni aina inayoshika moto na kujichochea yenyewe. Usiiingize ndani hata ukipewa bure.

Na ile fyuzi niliyomuahidi bi_malai. Betri ya ampia-saa 100 ikishikana chanya na hasi inatoa maelfu ya ampia kwa mara moja, waya unakuwa mwekundu kabla hujageuka. Fyuzi ikae kwenye chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Ukubwa wake ulinde waya: kwa inveta ya 1000 ya volti 12, ampia 125 na waya wa 25, sawa. Usitumie breka ya kawaida ya nyumbani hapo. Umeme wa ZECO unashuka mpaka sifuri mara 100 kwa sekunde, na ndiyo inayoisaidia breka kuuzima mwale wa cheche inapofunguka. Wa betri haushuki, mwale unaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka plastiki inayeyuka. Nunua iliyoandikwa DC.

mwana_wa_wete
Fundi mimi n'na ya risasi ya kuongeza maji. Dukani wananipa chupa wanaiita "maji ya betri". Kuna mbili tofauti na muuzaji mwenyewe hajui.

fundi_fuoni
Moja ni tindikali, ya kutia mara ya kwanza kwenye betri mpya kavu. Nyengine ni maji yaliyosafishwa, ya kuongezea. Wewe unataka ya pili. Inayokauka ndani ni maji, tindikali haiendi popote, kwa hiyo ukiongeza tindikali unaikaza mpaka inakula sahani. Soma chupa, na kama haina maandishi usinunue. Ongeza betri ikiwa imeshajaa chaji, maji yafunike sahani tu, usifike mdomoni. Ya mfereji au ya kisima hapana, yana chumvi.

mwana_wa_wete
Na ile ya zamani iliyokufa? Watoto wa vyuma chakavu wanapita wanaitaka.

fundi_fuoni
Wauzie ikiwa nzima na imesimama, usiwaache waimwage uani ili wapunguze uzito. Risasi na tindikali vinaingia kwenye udongo na kisima kiko pale pale. Afadhali zaidi uirudishe ulikonunua, maduka mengine yanapunguza bei ya mpya ukileta ya zamani. Ikimrukia mtu ngozini au machoni, maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima bila kuacha, kisha hospitali. Usimpake kitu.

Naingia kazini, maswali mengine n'tayajibu baada ya isha. Chumvi ya Jambiani, nitumie picha ya kibandiko cha nyuma ya inveta yako nione kama nyutro inaungika.